Mtanga mezani Kisumu: agiza mboga kwanza

Mgeni akifika Kisumu hupelekwa ufukwe wa Dunga kula samaki. Sina ugomvi na samaki. Ngege, sato kwetu, aliyekaangwa akarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu ni mtamu kweli. Lakini mimi nimekulia Tanga, samaki hanishtui. Kilichonishtua tangu nihamie huku kikazi ni mboga. Maoni haya ni ya kibanda kimoja karibu na soko la Kibuye: hakina kibao, kina mabenchi na safu ya masufuria yaliyofunikwa.

Nilianza na dek, yaani mgagani. Uchungu wake ulinikaa kooni nikaagiza maji mara moja. Mama mwenye kibanda alicheka. "Hiyo bado changa, Mtanzania. Njoo kesho uonje hii hii." Nikadhani ni maneno ya biashara. Kumbe upishi wenyewe ndio huo: majani huchemshwa, hutiwa maziwa, hulala, kesho yake hupashwa na kuongezwa maziwa mengine. Kila ikipashwa uchungu unapungua, mboga inakuwa laini na nzito, na maziwa yanaipa utamu fulani ambao sisi watu wa nazi hatuujui. Siku hizi nikikuta ya leo leo naiacha. Osuga, mnavu wetu, nayo hupikwa hivyo hivyo, ila ni mpole zaidi. Anayeanza aanze na hiyo.

Mrenda nilidhani naujua kwa sababu nyumbani tunakula bamia. Huu wa hapa wanauchanganya na majani ya kunde na magadi kidogo, unavutika hadi unapoteza adabu mezani. Usiombe kijiko. Finyanga tonge, chota, zungusha mkono ukate uzi, basi. Tonge lenyewe liwe la ugali wa wimbi, ule wa rangi ya udongo. Ni mzito na ukila mwingi mchana kazi haifanyiki, ila ugali mweupe mbele ya mboga hizi hauna la kusema.

Omena, dagaa wetu, hukaangwa wakauka vizuri. Kumbuka tu kwamba kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya, kwa hiyo msimu huo usishangae bei.

Mgongo wazi ndio sikuuelewa. Mbuta, sangara kwetu, minofu yake huenda viwandani na nyingi husafirishwa nje; mifupa na kichwa hukaangwa na kuuzwa mtaani. Watu wanausifu sana. Mimi naona ni mafuta mengi na kazi nyingi kwa nyama kidogo, ingawa jirani yangu wa benchi aliufyonza mpaka nikaona haya kubakiza wangu.

Kasoro zipo. Saa saba mchana hupati pa kukaa, maji ya kunawa huisha, na ndimu hakuna mpaka uje na yako. Aliya, nyama iliyokaushwa juani, haipikwi kila siku, ulizia asubuhi. Bei haina lawama: mboga mbili na ugali hazifiki nusu ya unacholipia samaki mzima kule ufukweni.

Nyota nne. Nenda kabla ya saa sita na nusu, na kabla hujaketi uliza sufuria ipi imelala.