Karakana ya presi Gerezani: walivyoitoa ringi ya beringi iliyogoma kwenye habu

Wakuu nimekaa siku tatu bila gari na nusura ninunue habu (kile chuma ambacho tairi linafungwa) ambayo sikuihitaji, kwa hiyo kama una Corolla 110 kama yangu au Toyota ndogo yoyote ambayo beringi ya mbele inaingizwa kwa presi (mashine ya kukandamiza) naomba usome.

Gari ilianza kuunguruma mbele, ukifika spidi 60 ni kama ndege inataka kupaa, ukikata kona ya kulia kelele inazidi, ukikata kushoto inapungua, hapo ujue iliyokufa ni ya kushoto maana kwenye kona ya kulia tairi la kushoto ndo linabeba mzigo. Nikaenda kwa fundi wa mtaani kwetu, simtaji. Kufungua alifungua vizuri tu, akatoa nako (chuma kinachoshika beringi), akagonga habu ikatoka, sasa beringi ikaachana, ile ringi ya ndani ikabaki imeng'ang'ania kwenye shingo ya habu. Hiyo ni kawaida kabisa kwa beringi hizi, ringi ya ndani ni vipande viwili na kile cha upande wa nje mara nyingi kinatoka na habu. Ila yeye akashika tindo na nyundo akaanza kuipiga kwa nyuma ambako hata nafasi hakuna, lisaa lizima, ringi ikakaa upande ikakaza zaidi na tindo ikaacha makovu mawili. Akataka alete gesi aichome mpaka iwe nyekundu, nikakataa. Akaniambia dada hii habu imekufa, toa 80,000 nikutafutie used.

Nikafunga nako na habu kwenye kiroba nikapanda bodaboda mpaka Gerezani, hapa Dar. (Usiende na gari, pa kupaki hakuna.)

Ni kibanda tu, presi moja ya mkono, grinda, vaisi, na mzee mmoja na kijana wake. Mzee akaigeuza habu akaangalia makovu akasema, "Mama, habu yako nzima, aliyekupigia hii alikuwa na haraka." Akaibana kwenye vaisi, akafunga diski nyembamba kwenye grinda, akaanza kuichana ringi kimshazari, anachana kidogo anasimama, anapuliza vumbi, anachungulia, anachana tena. Hakukata mpaka chini. Akabakiza kama unene wa karatasi ili diski isiguse habu, kisha akaweka tindo kwenye ule mfereji akagonga mara moja tu, ta! Ringi ikapasuka, akaivuta kwa vidole viwili. Akanieleza chuma cha beringi ni kigumu sana ila hakipindi, ukikipa njia kinapasuka chenyewe. Dakika kumi hazikufika jamani, na mimi nimehangaika siku tatu.

Halafu yale makovu, akayapitishia tupa taratibu kwenye kile kibega beringi inapoegemea, kwa sababu kikibaki na kinundu beringi mpya haikai sawa. Beringi mpya nilinunua ya KOYO, 45,000. Kilichonifurahisha zaidi ni alivyoiingiza, kwenye nako alisukuma ringi ya nje peke yake akitumia ringi kuukuu kama kikanyagio, akarudisha saklipu (ile pete inayozuia beringi isitoke), na wakati wa kuingiza habu akaweka bomba chini ya ringi ya ndani ili nguvu isipite kwenye golori. Mafundi wengi wanasukuma popote, golori zinaacha alama kwenye njia yake na baada ya muda mfupi gari inaunguruma tena unasema beringi ilikuwa feki.

Nimelipa 20,000 kwa kila kitu, kutoa, kusafisha na kupresi. Risiti hakuna, foleni ipo, nilisubiri kama lisaa na nusu nimesimama kwenye jua. Na kijana wake anashika grinda bila miwani, hilo nililimwambia mzee waziwazi na sikufurahi, cheche zile zikiingia jichoni ni jicho limeenda.

Sasa hivi nina wiki ya tano, nimeenda Morogoro nikarudi, spidi 100 mbele kimya. Beringi ya kulia nayo imeanza kulia kwa mbali, Jumamosi naifungua na kiroba changu ninacho.