Kichupa cha mapovu: kinafaa kwenye foleni ya sindano?

Ni kile kichupa cha plastiki cha mililita 60 hivi, chenye kijiti cha pete kilichoshikana na kifuniko. Wamachinga wanakiuza kama mchezo wa sherehe. Hapa tunakipima kwa kazi nyingine: kumtuliza mtoto wa miaka 3 hadi 7 anayesubiri sindano au kusafishwa kidonda.

Kwa kazi hiyo kinaishinda pipi, ambayo inaweza kumpalia mtoto anayelia. Povu halitoki zima mpaka avute pumzi na kuitoa taratibu, kama anayepoza uji. Akipuliza kwa nguvu utando unapasuka, basi anajirekebisha mwenyewe bila kuambiwa "tulia".

Anza kabla pamba ya spiriti haijagusa mkono. Akishaanza kupiga kelele umechelewa; hapo puliza wewe, yeye apasue kwa kidole, na baada ya mapovu matatu manne mpe kijiti. Mpakate akiwa wima badala ya kumlaza chali, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilishalishauri kwenye chanjo mwaka 2015. Usimwambie haiumi, atakukamata kwa uongo sekunde hiyo hiyo. "Itachoma kidogo, mwanangu, puliza moja kubwa" inatosha. Mchanga anayenyonya hahitaji kichupa. Ziwa la mama linafanya kazi nzuri zaidi.

Udhaifu mkubwa ni maji yake. Mara nyingi ni mepesi, na mapovu yanapasuka kabla hayajatoka kwenye pete. Yamwage. Changanya kikombe kimoja cha maji (mililita 250), vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kijiko 1 cha chai cha gliserini ya duka la dawa. Koroga polepole, ulaze usiku kucha. Ukitikisa utapata fuo tupu juu, na pete haishiki kitu. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dar, yanaharibu mchanganyiko, kwa hiyo tumia ya mvua au ya chupa.

Kabla ya kununua angalia pete: yenye mikunjo pembeni hubeba maji ya mapovu kadhaa, iliyo laini hukauka baada ya moja. Kifuniko nacho kinavuja. Zungushia mfuko wa nailoni, la sivyo kadi ya kliniki italowa.

Feni ikiwaka, kaeni mbali nayo. Sakafu ya vigae inateleza vibaya, tandika khanga chini. Usipulize kuelekea kidonda kilicho wazi, wala kijiti kisipite midomo ya watoto wawili. Sabuni ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi.

Alama 4 kwa 5. Moja imekwenda na kifuniko. Maji tumeyasamehe kwa kuwa dawa yake iko jikoni.