"Kifurushi cha moyo" nilichouziwa maabara: sindano safi, maelezo ovyo

Baba yangu alikufa kwa moyo, kwa hiyo nilipoona tangazo la "kifurushi cha moyo" la maabara moja hapa Dar, sikuuliza mara mbili. Nikalipa 65,000.

Dada wa kutoa damu anajua kazi, hilo niseme. Mishipa yangu ni ya kujificha, huwa natobolewa hadi mara tatu. Yeye alifunga mpira, akapapasa, akachoma mara moja tu. Akajaza kichupa cha kifuniko cha zambarau, akakipinduapindua taratibu damu isigande, basi, tumemaliza. Kumbe nimepimwa FBP, ile ile ya kuhesabu chembe za damu! Kolesteroli hakuna, sukari hakuna.

Jioni majibu yakaingia WhatsApp. RDW 17.2, kwa wino mwekundu: "kiashiria cha hatari ya moyo". Usiku ule sikulala.

Asubuhi nikampelekea daktari. Akanivuta kope ya chini, akatazama, akauliza hedhi yangu ikoje. Nzito, siku saba. Akanionyesha mistari ambayo maabara hawakuisemea neno: himoglobini 9.8, na MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, 71, zote ziko chini. RDW, akasema, ni kipimo cha jinsi chembe nyekundu zinavyopishana ukubwa. Madini ya chuma yakipungua mwilini, chembe mpya hutoka ndogo, zikichanganyika na zile za zamani namba inapanda. Ni kweli utafiti uliotoka 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, RDW ikiwa juu, mara nyingi hali yao huishia pabaya zaidi. Ila huwezi kuichukua namba hiyo peke yake ukamtisha nayo mwanamke aliyeishiwa damu.

Neutrofili zangu nazo, zile chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, 1.7, walizitia alama ya "chini". Daktari akaguna: Waafrika wengi tuko hivyo tangu kuzaliwa na hatuumwi chochote, ni viwango vya kwenye mashine ndivyo vilivyopangwa kwa damu za watu wengine. Na kuna wanaogawanya neutrofili kwa limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, eti wasome hatari ya moyo: namba ikiwa kubwa, hatari kubwa. Kwa damu kama yangu, yenye neutrofili chache tangu mwanzo, jibu lingetoka zuri la uongo.

Nikaandikiwa vidonge vya chuma na ultrasaundi ya kizazi. Nikiwa nishainuka kuondoka, akaniambia, "Hebu kaa, mama, presha walikupima?" Hawakunipima. Akanifunga mkono: 152 kwa 96. Nirudi Jumatatu apime tena.

Nyota mbili, zote za yule dada wa sindano.