Velkro, tranking au kebo tai? Kipi ununue kwanza kufunga nyaya za TV na sabufa

Nyuma ya TV ya kawaida ya sebuleni hukosi nyaya saba au nane: umeme wa TV, wa king'amuzi na wa sabufa, kebo ya dishi, HDMI, waya wa sauti na pengine nyaya za spika ndogo. Unapochagua cha kuzifunga, tazama kwanza kama kinafunguka kirahisi, halafu ndipo uangalie uimara. King'amuzi kitabadilishwa, HDMI itakufa, na mpangaji atahama. Kifungo kinachotaka mkasi kila mara ni ghali hata kikiuzwa bei ya chini.

Kabla ya kutoa pesa, gawa nyaya mafungu mawili: umeme peke yake, sauti na picha peke yake. Waya wa sauti, ule wenye vichwa vyekundu na vyeupe, ukilala sambamba na waya wa umeme mita moja au mbili, sabufa inaweza kuanza kuvuma "mmmm" hata muziki ukiwa umezimwa. Huo ni umeme wa hezi 50 umeingia kwenye sauti. Acha sentimita 15 hadi 30 kati ya mafungu, na pale yanapolazimika kukutana, yapishane kama msalaba. Mvumo ukiendelea, chomoa kebo ya dishi kwenye king'amuzi. Ukinyamaza hapo, chanzo ni ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini (yaani ethi ya dishi na ya nyumba hazielewani), na hakuna kifungo kitakachouondoa. Mwite fundi umeme.

Nafasi ya kwanza: velkro ya roli. Tafuta ile yenye ndoano upande mmoja na manyoya upande wa pili, upana wa milimita 15 hadi 20. Ijaribu dukani kwa kuizungushia kidole: ikijishika yenyewe, ndiyo. Ile inayouzwa roli mbili zenye gundi mgongoni iache, kwani gundi hulainika kwa joto na kunata kwenye nyaya. Fungu la unene wa sentimita 3 lina mzingo wa kama sentimita 9 na nusu. Ongeza 4 au 5 za kulaliana, kata vipande vya sentimita 15. Ukifunga kila baada ya sentimita 30, mafungu mawili ya mita moja na nusu yatachukua vipande kumi hivi. Roli ya mita 5 inatosha na kubaki.

Ya pili: tranking, ile mifereji ya plastiki yenye kifuniko. Kwa TV iliyotundikwa ukutani hii ndiyo inayopendeza kuliko zote, na pekee inayozuia mtoto kuvuta waya. Nunua mbili: milimita 25 kwa 16 ya umeme, na milimita 40 kwa 25 ya kebo ya dishi, HDMI na sauti. Gundi yake ya mgongoni usiitegemee. Kwenye ukuta wa chokaa au rangi inayopukutika, tranking hubanduka pamoja na rangi yenyewe. Toboa, weka plagi za plastiki, kaza skrubu kila sentimita 40 hadi 50, na futa vumbi la kutobolea kabla ya kupachika kifuniko. Kama nyumba si yako, mwombe mwenye nyumba kwanza. Wanaojenga na kutaka kufukia bomba ukutani wakumbuke kwamba kichwa cha HDMI hakipiti kwenye bomba la milimita 20. Wekeni la 32 au zaidi, na msiweke kona kali.

Ya tatu: soksi ya nyaya yenye zipu au mpasuo. Nzuri kwa fungu linaloning'inia kutoka TV hadi mezani. Ile isiyo na mpasuo ni usumbufu, maana kuongeza waya mmoja ni kuvua yote.

Ya nne: plastiki ya kuzungusha kama springi. Ni rahisi na imara, ila kuifungua yote kwa ajili ya waya mmoja kunachosha.

Ya tano: kebo tai, ile mikanda myembamba ya plastiki inayokazwa na kufunguliwa kwa mkasi. Ndani ya nyumba tunaziweka chini kwa sababu watu huzikaza mno. Kebo ya dishi ikibonyezwa, umbali kati ya waya wa kati na wavu wake hubadilika, mawimbi yanapungua, na mvua kidogo tu picha inakatika. Acha ncha ya kidole ipite. Nje, kwenye nguzo ya dishi, kebo tai ndiyo chaguo sahihi, lakini nunua nyeusi zilizotengenezwa kwa jua. Nyeupe hukauka na kukatika.

Tepu ya umeme haimo kwenye orodha hii. Kwa joto gundi yake huyeyuka, na nyaya zinabaki zikinata na kuzoa vumbi.

Sanduku la kuficha ekstensheni linafaa likiwa na matundu pande mbili na nafasi ya adapta kupumua. Usijaze, na usikunje waya mrefu wa umeme ndani yake, kwani ukibeba mzigo mkubwa hupata joto.

Hata kifungo chochote utakachonunua, acha sentimita 30 za ziada nyuma ya kila kifaa ili king'amuzi kivutike mbele bila kuchomoka. Kebo ya dishi ipinde kwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 7 au zaidi. Na kama TV imekaribiana na ukuta hadi kichwa cha HDMI kinabanwa, ongeza kiunganishi cha kona kwenye orodha ya manunuzi. Bila hicho tundu la TV ndilo litakalolegea.