grub-reboot: kujaribu kerneli mpya kwenye seva iliyo mbali

Kerneli (kiini cha Linux) mpya ikikataa kuwaka kwenye seva iliyo mbali, njia ya kuingilia ili kuirekebisha nayo huwa imekatika, kwa kuwa SSH, njia ya kuiendesha mashine kupitia mtandao, haijibu tena. Amri ya grub-reboot, inayokuja pamoja na GRUB 2 (programu inayopakia kerneli mashine inapowaka) katika Debian na Ubuntu, na ambayo Fedora huiita grub2-reboot, ilitengenezwa kwa hali za namna hii. Naiona kuwa zana bora ya bure kwa kazi hiyo, ila ina sharti moja ambalo wengi hawalisomi.

Amri hii huiagiza GRUB iwashe kerneli fulani mara moja tu. Msimamizi huweka GRUB_DEFAULT=saved (yaani, washa kerneli iliyohifadhiwa kuwa chaguo-msingi) katika /etc/default/grub, huendesha update-grub ili menyu iundwe upya, huitaja kerneli ya zamani kwa grub-set-default, kisha huitaja mpya kwa grub-reboot. Mashine inapowaka, GRUB hulifuta agizo hilo kwenye grubenv, faili ambamo GRUB huhifadhi machaguo yake, kabla ya kuipakia kerneli mpya, hivyo uwashaji unaofuata hurudi kwenye ya zamani. Usumbufu uko kwenye majina: kerneli za ziada hukaa ndani ya menyu ndogo, na anayezitaja kwa namba kama "1>2" anajiweka hatarini, maana namba hizo huhama kila kerneli inapoongezwa au kuondolewa. Ni afadhali kutumia vitambulisho virefu vilivyomo ndani ya grub.cfg, faili ya menyu ya GRUB, japo vinachosha macho.

Hata hivyo, grub-reboot haiwezi kuiwasha upya mashine iliyokwama. Linux ikipata hitilafu kuu (kernel panic) husimama hapo hapo bila kikomo, isipokuwa imepewa kigezo kama panic=30, kinachoiamuru ijiwashe upya baada ya sekunde 30. Katika Debian kigezo hicho kina faida nyingine: initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia mfumo kamili, ikishindwa kuipata diski kuu, haisubiri mtu aandike amri kwenye kibodi bali huiwasha mashine upya. Kerneli ikiwaka vizuri lakini kadi ya mtandao ikakosa draiva, kigezo cha panic hakisaidii kitu. Hapo inafaa kuandaa huduma ya systemd (msimamizi wa huduma katika Linux) inayopanga shutdown -r +15, yaani kuwasha upya baada ya dakika 15, mara tu mashine inapowaka, ili anayefanikiwa kuingia aufute mpango huo kwa shutdown -c. Huduma hiyo ni lazima ikague kwanza toleo la kerneli kwa uname -r, la sivyo hata kerneli ya zamani itakuwa ikizimwa kila baada ya dakika 15. Kerneli ikiganda kimya bila hata kutangaza hitilafu, hakuna kati ya hatua hizi itakayofaa, na hapo huhitajika njia iliyo nje ya mfumo, mfano konsoli ya mbali kama IPMI, inayoidhibiti mashine hata mfumo wake ukiwa umekwama.

Sharti lenyewe ni kwamba GRUB iweze kuandika kwenye grubenv. Ikiwa /boot, saraka inayobeba kerneli na faili za GRUB, iko ndani ya LVM au RAID ya programu (mifumo inayounganisha au kugawa diski kwa programu), GRUB huisoma faili hiyo lakini haiwezi kuibadilisha. Agizo la mara moja hubaki palepale, na seva hurudia kuwasha kerneli ile ile mbovu. Mwongozo wa amri unalieleza jambo hili waziwazi, ingawa amri yenyewe ingepaswa kuonya kwa sauti kubwa zaidi. Tiba ni kuiweka /boot kwenye kizigeu cha kawaida cha ext4 (mfumo wa faili wa Linux). Kabla ya kuamini, fanya jaribio kwa kerneli nzuri iliyopo: ipe grub-reboot, washa upya, kisha endesha grub-editenv list uone kama next_entry, yaani agizo la mara moja, imebaki tupu.

Ninalolilalamikia zaidi ni matokeo ya kutumia GRUB_DEFAULT=saved kwa muda mrefu. Seva inayosakinisha masasisho yenyewe itaendelea kupokea kerneli mpya za usalama bila kuziwasha hata moja, hadi msimamizi aendeshe grub-set-default kwa mkono wake.