Twita ipi ununue kwa spika unayoijenga mwenyewe

Kabla ya kuangalia umbo au jina la mtengenezaji, tafuta namba mbili kwenye karatasi ya vipimo vya twita, yaani kipaza kidogo cha sauti nyembamba za juu. Ya kwanza ni desibeli, yaani inapaza sauti kiasi gani kwa mita 1 ikipewa volti 2.83. Ya pili ni Fs, masafa ambayo kiwambo chake hutetemeka chenyewe. Krosova, yaani saketi inayogawa sauti za juu kwa twita na za chini kwa wufa (kipaza kikubwa), ianzie angalau mara mbili ya Fs: twita yenye Fs ya Hz 1,000 usiishushe chini ya Hz 2,000. Namba hii ya pili ndiyo wengi wanairuka, halafu wanashangaa kwa nini sauti inakwaruza.

Chaguo langu la kwanza ni kuba la hariri la milimita 25, yaani twita yenye kiwambo cha mviringo kilichofura. Linamvumilia anayejifunza, na ukilipata lenye Fs ya chini linaungana na wufa bila pengo. La pili ni kuba la alumini au titani: linachambua sauti vizuri, ila lina mlio wake mkali juu kabisa, hivyo nunua lile ambalo mlio huo uko juu ya kHz 20. Honi, twita yenye mdomo kama tarumbeta, naiweka ya tatu. Nyingi hupita desibeli 100, zinafaa wufa kubwa za ukumbini. Twita ya utepe, ambayo kiwambo chake ni ukanda mwembamba, ni tamu sana, lakini nyingi zinataka krosova ya juu. Piezo, twita inayotetemesha kipande cha seramiki badala ya koili, ni ya mwisho: inachoma masikio.

Sasa kulinganisha sauti. Nunua twita inayopaza kuliko wufa, kwa sababu rezista hupunguza tu, haiongezi. Tena wufa ya desibeli 87 haibaki 87 ndani ya boksi jembamba. Masafa ya chini yanazunguka na kupotelea nyuma, na unaweza kupoteza desibeli 3 hadi 6. Twita ya 90 basi huenda ikahitaji kushushwa 6. Kwa twita ya omu 8, weka rezista ya omu 4 kwa mfululizo, kisha ya omu 8 sambamba na twita. Kushusha 3, tumia omu 2.2 kwa mfululizo na 20 sambamba. Zikae kati ya krosova na twita, ziwe za wati 10. Krosova itaendelea kuona takriban omu 8, masafa yake hayatahama.

Nakusihi, usijaribu twita bila kapasita, kipande cha krosova kinachozuia masafa ya chini, hata kwa sekunde chache. Niliwahi kuunguza moja hivyo. Waya wa koili yake ni mwembamba kama unywele.

Hesabu ikiisha, washa spika moja tu, cheza sauti ya mtu anayezungumza. Herufi "s" zikichoma, ongeza nusu omu kwenye mfululizo. Maneno yakisikika kama yamefunikwa blanketi, punguza. Sikiliza siku mbili tatu ndipo ulehemu.