Kuzidisha sampuli ndani ya Reaper: nimeipima kwa sikio

Maprodyuza wengi wanaisifu Reaper, programu ya kurekodi na kutengeneza muziki, kwa bei: leseni ya mtu binafsi dola 60. Mimi naisifu kwa kitu kilichojificha kwenye menyu. Bonyeza kulia jina la plagini (kifaa cha ziada cha kubadilisha sauti), utakuta chaguo la kuiendesha hiyo peke yake kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti kwa sekunde, mara mbili, nne au nane, mradi mzima ukibaki ulivyo.

Faida yake ni kupunguza eliasingi, yaani milio ya uongo inayozaliwa sampuli zisipotosha. Mradi wa 44.1 kHz (sampuli 44,100 kwa sekunde) haubebi sauti iliyozidi nusu yake, 22.05 kHz. Distosheni, yaani kukwaruza sauti makusudi, huzaa masafa mapya, na yakivuka kikomo hicho hayapotei, hujikunja na kurudi chini, mahali ambapo si pake. Ukizidisha sampuli, kikomo kinapanda.

Nilichukua toni safi ya 5 kHz, nikaikaba na distosheni kali inayokata wimbi juu na chini sawasawa. Inazaa 15, 25, 35, 45 kHz. Hiyo ya 45 ndiyo mharibifu: inarudi kama 900 Hz, chini ya noti yenyewe, hata spika ya simu inaitoa. Nikaipandisha toni taratibu kutoka 4 kHz, na milio mingine ikawa inashuka wakati noti inapanda. Ukisikia hivyo, huhitaji grafu. Filimbi haifanyi hivyo, wala zumari.

Kwa mara mbili, 900 Hz ilitoweka, ukabaki mlio mwembamba karibu na 3.2 kHz. Mara nne, ikawa kazi ya kutega sikio kwenye hedifoni. Mara nane sikuona haja, maana plagini inachakata sampuli mara nane na kompyuta yangu ya mkononi inaanza kukwama.

Kwenye biti ya singeli, tofauti iko wazi kwenye kinanda cha juu chenye distosheni: ule ukali wa kuchoma unaondoka, noti inabaki na makali yake. Linganisha sauti zikiwa na ujazo sawa, la sivyo iliyo kubwa itakudanganya. Kwenye besi ya 60 Hz usijisumbue. Masafa yanafika kikomo baada ya kuzidishwa zaidi ya mara 360, nguvu imeshakwisha.

Tatizo moja: sampo (kipande cha sauti cha kutumia kwenye biti) iliyorekodiwa tayari na uchafu huo haiponi hapa. Tafuta nyingine.

Mimi naweka mara nne kwenye kinanda na sauti za kuimba zenye distosheni, besi naiacha. Kwa dola 60, sina lalamiko.